Klachi rahisi, hasara mara nne

MAJI yakipwa pale Magogoni, njia ya kutokea kwenye pantoni huwa mlima. Pikapu ya dizeli iliyotoka Kigamboni na shehena ya nazi au mihogo hulazimika kupanda polepole katikati ya msururu wa magari, dereva akiwa ameng'ang'ania nusu klachi ili asirudi nyuma akamgonga mwenzake. Hapo ndipo klachi iliyochoka hujulikana. Injini hunguruma, harufu ya kuungua hujaa ndani ya gari, na gari halisogei.

Kuanzia dakika hiyo mwenye gari ana uamuzi wa kibiashara wa kufanya, ingawa wengi huuchukulia kuwa ni shughuli ya fundi. Mzigo umehamishiwa gari jingine kwa kulipia, hesabu ya siku haipo, na fundi anasubiri fedha akanunue vipuri Kariakoo. Uamuzi unaofanywa katika haraka hiyo ndio huamua kama pikapu itaendelea kuwa mradi au itageuka mzigo kwa mwenyewe.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa Dar es Salaam, pikapu iliyokwisha tembea kilomita laki tatu au nne si chakavu cha kutupwa. Ndiyo mtaji wake. Ndiyo inayobeba samaki wa Feri kwenda masoko ya pembezoni alfajiri, na mchana ikabeba saruji au vinywaji. Kwa sababu hiyo suala la klachi gani inunuliwe linastahili hesabu ile ile ambayo mtu angeifanya kabla ya kufungua duka.

Soko lilivyofika hapa

Wanaokumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 wanajua kwamba wakati huo hapakuwa na kuchagua. Magari na vipuri viliingizwa kupitia shirika la umma, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mwenye gari alishukuru kupata pleti yoyote. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, pikapu zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoanza kuonekana kwa wingi barabarani, na vipuri vikafuata nyuma yake. Soko huria likaziba pengo la upungufu.

Tatizo la leo ni la aina nyingine kabisa. Klachi zimejaa. Katika mitaa ya Kariakoo, Gerezani na Shaurimoyo mnunuzi anaweza kuwekewa mezani maboksi manne ya klachi ya pikapu moja, bei ya juu ikiwa mara tatu ya bei ya chini, na yote manne akaambiwa ni "orijino". Neno hilo limepoteza thamani yake. Mnunuzi anayelitegemea peke yake ananunua gizani.

Ukweli ni kwamba bidhaa zilizopo zinagawanyika katika makundi matano. La kwanza ni klachi yenye boksi la kampuni iliyotengeneza gari, inayouzwa kwa wakala au kwa wanaonunua kwake. La pili ni klachi ya viwanda vinavyotengenezea kampuni za magari lakini pia huuza kwa majina yao wenyewe. Aisin wa Japani, ambao ni sehemu ya kundi la Toyota, wamo humo; Exedy nao wamo, ambao zamani walijulikana kama Daikin kabla ya kampuni kubadili jina mwaka 1995; na Valeo wa Ufaransa pia. La tatu ni bidhaa za majina yasiyofahamika, zinazopitia Dubai au kutoka China moja kwa moja, ambazo ubora wake hutofautiana kutoka shehena hadi shehena. La nne ni mtumba, yaani klachi iliyofunguliwa kwenye gari lililokatwa nje ya nchi. La tano ni pleti ya zamani iliyopigiliwa laini mpya hapa hapa mjini.

Juu ya makundi hayo kuna kundi la sita ambalo halistahili kuitwa bidhaa: klachi bandia, iliyowekwa ndani ya boksi la jina kubwa.

Kabla ya kununua

Hasara ya kwanza hutokea mnunuzi anaponunua klachi wakati klachi haina kosa. Pedeli ikizama hadi chini na gia zikagoma kuingia, mara nyingi klachi bado nzima. Kinachovuja ni raba za silinda ya juu au ile ndogo ya chini inayosukuma mkono wa klachi. Raba hizo ni gharama ndogo kulinganisha na kushusha giaboksi. Kelele inayosikika pedeli ikikanyagwa huelekeza kwenye beringi ya klachi. Kelele inayosikika pedeli ikiwa imeachiwa, gari likiwa katika fri, huelekeza kwenye beringi ya giaboksi, na klachi mpya haitaiondoa.

Klachi iliyokwisha ina dalili yake. Gari likiwa katika gia ya nne kwenye barabara iliyonyooka, dereva akikanyaga mafuta kwa ghafla, injini hupanda sauti lakini mwendo hauongezeki. Hapo laini inateleza. Hata hivyo, bado kuna swali moja: imeteleza kwa sababu imelika, au kwa sababu imeloa mafuta? Injini ya dizeli iliyotembea sana huwa na sili ya nyuma iliyochoka. Sili hiyo ikivuja, mafuta hufika kwenye laini, na klachi mpya ya bei yoyote itafungwa leo na kuharibika baada ya muda mfupi. Mwenye gari ambaye halipii sili ya bei ndogo wakati giaboksi iko chini anakuja kulipia klachi nyingine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Namba, si umbo

Kosa la pili ni kwenda dukani na maneno "nataka klachi ya Hilux dizeli". Hilux dizeli ni nyingi. Injini ya 2L ina ujazo wa lita 2.4, 3L lita 2.8, na 5L lita 3.0, zile za jamii ya KD zilizokuja baadaye zina tabo na nguvu kubwa zaidi ya kuzungusha. Klachi zake hutofautiana kipenyo, na tofauti ya milimita chache haionekani kwa macho ya mtu mwenye haraka. Aidha, pikapu nyingi za Dar es Salaam zimekwisha badilishwa injini au giaboksi, hivyo hata kadi ya gari inaweza kusema jambo moja na boneti ikafichua jingine.

Njia salama ni kwenda na vitu vitatu: namba ya chasisi kutoka kwenye kibati, namba ya injini iliyosomwa kwenye injini yenyewe, na pleti ya zamani mkononi. Pleti mpya ilinganishwe na ya zamani kwa kipenyo, kwa idadi ya meno ya katikati na kwa urefu wa kitovu chake. Kwa bidhaa za Toyota namba za boksi nazo husaidia. Namba ya pleti huanza na 31250, ya presha 31210, na ya beringi ya klachi 31230. Muuzaji anayetoa boksi la presha lenye namba inayoanza na 31250 ama amekosea, ama hajui anachouza, na vyote viwili ni sababu ya kuhamia duka la jirani.

Pikapu za dizeli za miaka ya 2000 na kuendelea zimeleta jambo jingine. Baadhi zina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani, iliyowekwa kupunguza mtikisiko wa injini. Flaiwili hiyo ikilegea hugongagonga na haichongwi kama ile ya kipande kimoja. Ni ghali, na mnunuzi wa pikapu ya mtumba anapaswa kuiweka katika hesabu ya bei ya gari tangu siku ya kwanza.

"Presha bado inadai"

Mazungumzo ya gereji yanafahamika. Fundi anafungua, anaishika presha, anaigeuza juani na kumwambia mwenye gari: "Bosi, tubadili pleti tu, presha bado inadai." Mwenye gari, ambaye tangu asubuhi anahesabu fedha zilizopotea, anaitikia kwa furaha.

Fundi huenda hana nia mbaya. Anajua bosi wake hana fedha na anataka kumsaidia. Lakini ushauri huo ni ghali. Presha ni springi. Springi iliyokanyagwa kwa miaka katika foleni za Morogoro Road na Kilwa Road huchoka, vidole vyake hulika pale beringi inapogusa, na uso wake hupata alama za buluu za joto. Ikibana pleti mpya kwa nguvu pungufu, pleti hiyo huteleza na kuisha kabla ya wakati wake. Beringi nayo, ambayo ndiyo ya bei ndogo kuliko vyote, ikifa miezi mitatu baadaye giaboksi hushushwa upya. Kwa gari lililotembea sana, cha kununua ni seti kamili: pleti, presha na beringi, pamoja na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili kwa magari yaliyo nayo.

Flaiwili nayo isisahauliwe. Uso wenye michirizi au mawimbi hula laini mpya. Wachongaji vyuma wa Gerezani wanaweza kuusawazisha, alimradi unene unaobaki unaruhusiwa na hakuna nyufa. Nyufa zikionekana, flaiwili ibadilishwe bila mabishano.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano wa mezani, na kila mwenye gari aweke tarakimu zake mwenyewe. Tuseme seti ya jina lisilofahamika inauzwa shilingi 180,000. Fundi anataka 80,000. Gari linalala gereji siku mbili, na hesabu ya siku ni shilingi 60,000, hivyo zinapotea 120,000. Jumla ni shilingi 380,000. Tuseme tena seti ya kiwanda kinachoaminika ni shilingi 480,000, kuchonga flaiwili 40,000, fundi 80,000 na siku mbili zile zile 120,000. Jumla ni shilingi 720,000.

Kwa mtazamo wa siku ile, seti rahisi imeokoa shilingi 340,000. Lakini kama seti rahisi inadumu miezi sita na ile bora miaka miwili, ndani ya miaka hiyo miwili mwenye seti rahisi atashusha giaboksi mara nne na kutumia shilingi 1,520,000. Mwenzake atakuwa ametumia 720,000. Ili seti rahisi ilingane na ile bora, italazimika kudumu karibu miezi 13. Swali la kumuuliza muuzaji basi ni hili: je, yuko tayari kuandika kwenye risiti kwamba itafika huko?

Katika jumla ile ya shilingi 380,000, zaidi ya nusu, yaani 200,000, haikununua kipuri chochote. Ilikwenda kwa fundi na kwa siku zilizolala. Gharama hiyo haibadiliki hata klachi ikiwa ya bure. Hapo ndipo mtumba unaposhindwa kujitetea. Klachi iliyotolewa kwenye gari lililokatwa inaweza kuwa na laini nene, lakini hakuna anayejua springi zake zimefanya kazi miaka mingapi. Kuinunua ni kununua historia isiyojulikana na kuilipia ufundi ule ule. Pleti iliyopigiliwa laini mpya inafaa kumfikisha mtu nyumbani kutoka safarini. Kuitegemea kwa mzigo wa kila siku ni kamari.

Hata hivyo, hoja hii isivutwe mno. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa gari ni la mzigo, klachi ngumu kuliko zote ndiyo bora. Klachi yenye springi kali zaidi ya ile iliyokusudiwa huifanya pedeli kuwa nzito, huchosha mguu wa dereva katika foleni, hukandamiza mkono wa klachi na silinda zake, na huongeza msukumo kwenye beringi za krenki ambazo katika injini ya zamani tayari zimelika. Injini iliyopungua nguvu haihitaji klachi ya lori. Inahitaji klachi yake. Vilevile mwenye gari anayetarajia kuliuza baada ya miezi michache hana sababu ya kulipia boksi la wakala.

Kwa wengi waliobaki, chaguo lenye faida ni lile kundi la pili: seti kamili ya kiwanda kinachotengenezea kampuni za magari, ikiwa katika boksi lake chenyewe. Ubora wake ni wa viwanda vile vile, na mnunuzi halipii jina la gari.

Risiti ni sehemu ya kipuri

Kwa bahati mbaya kundi hilo la pili ndilo linaloigizwa sana, kwa sababu jina lake linauza. Sheria zipo. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia. Shirika la Viwango Tanzania nalo linasimamia ubora wa bidhaa zinazoingia. Lakini hakuna chombo cha serikali kinachoweza kukaa katika kila kaunta ya Kariakoo, na mnunuzi asiye na risiti hana pa kuanzia anapokwenda kulalamika.

Hapa wanunuzi wenyewe wana lawama. Wengi hukubali punguzo dogo ili risiti isitoke, wakisahau kwamba wameuza haki yao kwa bei ya nauli. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya kitu na kutegemea ujuzi wake: kitu hicho kinapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Ulinzi huo ni dhaifu kwa mtu aliyetaja jina la boksi tu na kulichukua. Kwa hiyo mnunuzi aseme wazi ni gari gani, injini gani na mzigo gani, na risiti ya mashine ya kodi iambatane na karatasi yenye namba ya kipuri, jina la kiwanda na muda wa dhamana. Muuzaji anayekataa kuandika amekwisha jibu swali la ubora wa mali yake.

Kwa wenye maduka, na kwa wenye mitaji midogo wanaofikiria kuingia katika biashara hii, funzo liko upande wa pili wa kaunta. Soko lina mali tele ila halina uaminifu wa kutosha. Duka litakalopanga klachi zake kwa madaraja bila aibu, likamwambia mteja "hii ni ya bei ya chini, usitegemee zaidi ya miezi kadhaa, na hii ni ya kiwanda fulani, tunaidhamini", halitapoteza wateja wa bei ya chini, na litapata wale wa bei ya juu wanaoondoka sasa kwa woga. Mwenye pikapu akipata duka la namna hiyo huwaambia wenzake wa Feri wote, na hayo ni matangazo yasiyolipiwa.

Mguu wa dereva

Mwisho, hakuna klachi inayoshinda mguu wa dereva. Magari mengi ya mzigo jijini yametolewa kwa hesabu: dereva hupeleka kiasi kilichokubaliwa kila siku, na vipuri vikubwa ni juu ya mwenye gari. Katika mpango huo dereva hana sababu ya kuihurumia klachi. Atapakia zaidi ya tani moja akipata mteja, atakaa juu ya nusu klachi badala ya breki ya mkono, na atapumzisha mguu juu ya pedeli kutoka Feri hadi Mbagala. Faida ya mzigo wa ziada ni yake, klachi ni ya bosi.

Anayetaka klachi idumu abadili makubaliano. Siku ya kufunga klachi mpya, namba ya kilomita iandikwe kwenye daftari mbele ya dereva. Kilomita 500 hadi 800 za kwanza mzigo uwe mwepesi ili laini ikae sawasawa. Kisha dereva aahidiwe bakshishi klachi ikivuka kilomita zilizokubaliwa. Bakshishi ya hesabu ya siku tatu au nne ni ndogo kuliko gharama ya kushusha giaboksi mara moja.

Na wakati wa kufunga, mafundi wasipulize vumbi la klachi ya zamani kwa mdomo wala kwa kompresa. Laini za miaka ya nyuma zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huua mapafu polepole, na pleti ya zamani haina maandishi ya kusema imo au haimo. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 baadhi ya wenye magari waliona heri kulipa tozo kuliko kuhangaika na foleni ya pantoni. Walikuwa wamepiga hesabu ya muda, mafuta na gari lenyewe. Mwenye pikapu aliyesimama mbele ya kaunta ya Kariakoo na maboksi manne mezani anatakiwa kupiga hesabu ya namna hiyo hiyo, na kuipiga kabla fundi hajapiga simu kuuliza fedha iko wapi. Wahenga walikwisha sema: rahisi ghali.